Chembe Nyekundu Hazipasuliwi kwa Kudesa

Mwaka jana, wiki moja baada ya kumaliza BTP, nilimsindikiza mama na mdogo wangu kliniki. Mdogo wangu ana miaka tisa na ana sikoseli. Mama alikuwa amekubali aingizwe kwenye utafiti unaoangalia kinga ya mwili ya watoto wenye ugonjwa huo, na siku ile ilikuwa zamu yake ya kutolewa damu. Kutoka kwetu hadi hospitali ni saa tatu za basi. Mishipa yake haionekani kirahisi, kwa hiyo muuguzi alichoma mkono wa kushoto, akahamia wa kulia, akarudi wa kushoto. Mtoto hakulia. Ameshazoea, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Siku nne baadaye mama akapigiwa simu. "Mama, samahani sana, sampuli ya mtoto haikufaa. Tunaomba mrudi Alhamisi." Mama akajibu, "Haya mwanangu, tutakuja," akakata simu, akaanza kuhesabu nauli. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Akaniuliza, "Kwani damu yangu ina nini?"

Sikuwa na jibu. Alhamisi ilipofika nikaenda nao tena, na safari hii nikamtafuta kijana wa maabara nikamuuliza kistaarabu nini kilitokea. Alikuwa muungwana, hakunificha. Alisema chembe nyekundu za mdogo wangu hazikupasuka zote, zikachanganyika na chembe nyeupe walizotaka kuzihesabu, majibu yakawa hayasomeki. Damu iliyobaki ilikuwa imeshatumika kwa vipimo vingine. Nikamuuliza walizipasua kwa muda gani. "Dakika kumi." Kwa nini kumi? Akanitazama kidogo, akasema, "Ndiyo protokali yetu."

Ndugu msomaji, makala hii inahusu hizo dakika kumi.

Najua utasema: wewe unasoma ualimu, mambo ya kupasua chembe za damu yanakuhusu nini? Nasoma Biolojia na Kemia, mwakani panapo majaliwa nitakuwa darasani, na vijana watakaokaa kwenye hizo maabara baada ya miaka kumi watakuwa wamepita mikononi mwa watu kama mimi. Pia nakiri jambo moja. Wakati wa BTP nilifundisha osmosisi kidato cha tatu kwa vipande vya viazi na maji ya chumvi. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini tunaviacha dakika thelathini?" Nikamjibu, "Ndivyo kitabu kinavyosema." Mimi na yule kijana wa maabara tulitoa jibu moja. Lile ni jibu la kudesa.

Sote hapa chuoni tunajua kudesa. Unachukua desa la mwaka juzi, unakariri usiku kwenye vimbweta, unalitapika kwenye UE, maisha yanaendelea. Kwa baadhi ya kozi huenda likakuvusha. Hoja yangu ni kwamba njia ya kupasua chembe nyekundu ni mahali ambapo desa linamgharimu mtu asiyekuwepo chumbani, na kwamba tunalea tabia hiyo sisi wenyewe, tangu sekondari hadi chuo, kwa kufundisha hatua bila sababu.

Kwa nini zipasuliwe?

Maelezo mengi yafuatayo nimeyapata kwa mwenzangu wa chumba, anayesoma sayansi za maabara na aliyekuwa fildi kwenye maabara yenye mashine hii. Mengine nimeyasoma mwenyewe baada ya kuchokonolewa naye. Nilipomsimulia habari ya mdogo wangu, hakunipa pole kwanza. Aliuliza, "Ticha, walipasua kwa dawa gani?" Nilipomwambia sijui, akachukua karatasi.

Mashine yenyewe inaitwa flosaitometa. Inapitisha chembe moja moja kwenye mkondo mwembamba wa maji mbele ya mwanga wa leza. Chembe inapopita, mwanga unatawanyika kulingana na ukubwa wake na vilivyomo ndani yake. Pia kabla ya hapo sampuli huwa imechanganywa na kingamwili zilizobandikwa rangi zinazong'aa, kila moja ikishika protini yake kwenye uso wa chembe. Mashine inasoma mng'ao na kusema hii ni limfosaiti ya CD4, hii siyo. Nchini kwetu wengi walilisikia jina CD4 kupitia VVU, kwa sababu kwa miaka mingi idadi hiyo ndiyo iliyoamua nani aanze dawa. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayekutwa na VVU aanze dawa bila kusubiri idadi ishuke, lakini kipimo hakijafa: CD4 chini ya 200 kwa mikrolita bado inaonyesha ugonjwa uliokomaa na mgonjwa anayehitaji uangalizi wa karibu. Ukiacha kliniki, tafiti za kinga na chanjo, zikiwemo za malaria, zinaitegemea sana mashine hii.

Tatizo ni hesabu. Mikrolita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya ina chembe nyekundu takriban milioni 5. Chembe nyeupe ni kama 4,000 hadi 11,000 tu. Yaani kwa kila nyeupe moja kuna nyekundu mia kadhaa, pengine elfu. Tuseme unataka kusoma limfosaiti 10,000, na limfosaiti ni theluthi ya chembe nyeupe, na kwa kila nyeupe kuna nyekundu 700. Utapitisha chembe milioni 21. Mashine ikisoma 10,000 kwa sekunde, hiyo ni dakika 35 kwa mgonjwa mmoja, na bado nyeupe nyingi zitapita zikiwa zimebanwa na nyekundu pembeni. Ndiyo maana watu wanaziondoa nyekundu kwanza. Swali ni jinsi ya kuziondoa bila kuharibu unachotaka kukiona.

Njia zilizopo

Njia ya kwanza unaijua tangu sekondari: maji. Ukiweka chembe nyekundu kwenye maji yasiyo na chumvi, maji yanaingia kwa osmosisi, chembe inavimba, inapasuka. Chembe nyeupe nazo zitapasuka, ila zinastahimili kidogo zaidi. Kwa hiyo unamwaga maji, unahesabu kama sekunde 20 au 30, kisha unarudisha chumvi haraka ili hali iwe sawa na ya damu. Wanaotenga neutrofili wameitumia sana. Haina gharama, lakini haisamehi. Ukigeuka kujibu meseji, sampuli imekwenda.

Njia ya pili ni amonia kloridi, na hii ndiyo niliyoipenda kama mwalimu. Mapishi yake ya kawaida kwa lita moja ya maji ni gramu 8.3 za amonia kloridi, gramu 1 ya potasi baikaboneti na miligramu 37 za EDTA, pH ikiwa kati ya 7.2 na 7.4. Sasa angalia kitu hiki. Maji ya chumvi ya kawaida ya hospitali yana chumvi asilimia 0.9, na chembe nyekundu zinakaa humo salama. Amonia kloridi asilimia 0.83 ina nguvu ya osmosisi karibu sawa kabisa na hiyo, lakini chembe nyekundu zinapasuka ndani ya dakika chache. Kwa desa la osmosisi tulilokariri, hilo halikupaswa kutokea.

Linatokea kwa sababu amonia kloridi haikai nje. Sehemu ndogo yake ipo kama gesi ya amonia iliyoyeyuka, na amonia inapenya utando wa chembe bila kizuizi. Ikifika ndani inashika ioni ya haidrojeni na kuwa amoniamu, ambayo haiwezi kutoka kirahisi. Kaboni dayoksaidi nayo inaingia, na kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhaidrezi, ambacho kimejaa kwenye chembe nyekundu, kinaigeuza haraka kuwa baikaboneti. Baikaboneti inatoka nje kupitia mlango maalumu wa utando, na kila inapotoka moja, kloridi moja inaingia. Mzunguko huo unaitwa kwa majina ya Jacobs na Stewart. Mwisho wa hesabu, amonia kloridi imejazana ndani, maji yanaifuata, chembe inapasuka. Chembe nyeupe hazina mlango na kimeng'enya hicho kwa wingi huo, kwa hiyo zinachelewa. Zinachelewa tu. Ukiziacha humo muda mrefu, nazo zitaumia.

Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini muda ni dakika kama 5 hadi 15, kwa nini dawa ya baridi kutoka friji inafanya kazi polepole, na kwa nini chupa iliyokaa wazi wiki kadhaa haiaminiki: baikaboneti inapoteza kaboni dayoksaidi na pH inapanda. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kukaririwa.

Njia ya tatu ni dawa za viwandani zenye fomaldehaidi, kama FACS Lysing Solution ya BD au OptiLyse C ya Beckman Coulter. Hizi zinapasua nyekundu na wakati huohuo zinagandisha nyeupe zibaki kama zilivyo. Faida yake ni kubwa kwa mazingira yetu. Sampuli iliyogandishwa inaweza kusubiri saa kadhaa bila kuharibika, na umeme ukikatika hulii. Pia fomaldehaidi inadhoofisha VVU na vimelea vingine, hivyo anayeshika mrija yuko salama zaidi, japo glavu havui. Amonia kloridi haina ulinzi huo.

Hasara yake ni kwamba chembe zimekufa. Huwezi tena kuuliza ipi ilikuwa hai, kwa sababu rangi ya kutofautisha hai na mfu ilitakiwa iwekwe kabla. Huwezi kuziotesha wala kuangalia zinavyomeza bakteria. Baadhi ya protini za uso zinabadilika umbo hadi kingamwili isizitambue, ndiyo maana kwa kawaida kingamwili zinatangulia na dawa hii inafuata. Rangi zingine zilizounganishwa mbilimbili, kama PE-Cy7 na APC-Cy7, zinadhoofika zikikaa kwenye fomaldehaidi, na mng'ao wao unaanza kudanganya.

Njia ya nne ni kutopasua kabisa. Unaweza kutandika damu juu ya kimiminika kizito cha Ficoll na kuizungusha kwenye mashine: nyekundu na neutrofili zinazama, limfosaiti na monosaiti zinabaki katikati. Ni safi, ila kama ulitaka neutrofili umezitupa. Au unaiambia mashine ipuuze chochote kisichong'aa kwa CD45, protini iliyoko kwenye chembe nyeupe na isiyokuwepo kwenye nyekundu zilizokomaa. Au unatumia leza ya zambarau, kwa sababu himoglobini inafyonza mwanga huo na nyekundu zinajitenga zenyewe kwenye picha. Mashine ya FACSCount, ambayo imehesabu CD4 kwenye hospitali nyingi za Afrika, haipasui chembe nyekundu hata kidogo. Inafuata mng'ao tu.

Uanze na swali

Mwenzangu wa chumba alipomaliza kuchora, nilimuuliza ipi ni bora. Akacheka. "Ticha, bora kwa nani?"

Na hapo ndipo penyewe. Ukitaka idadi kamili ya CD4 kwa mikrolita, usioshe sampuli baada ya kupasua, kwa sababu kila unapozungusha na kumwaga unapoteza chembe usizozijua idadi. Weka shanga za kuhesabia zenye idadi inayojulikana, pasua, soma. Ukitaka asilimia tu, au unatafuta protini yenye mng'ao hafifu, kuosha kunakusaidia kwa kuondoa uchafu na himoglobini iliyomwagika. Ukitafuta chembe chache za saratani ya damu zilizobaki baada ya matibabu, unahitaji kusoma chembe nyeupe nyingi mno, hivyo unapasua damu nyingi kwa mkupuo na amonia kloridi kabla ya kuweka kingamwili. Ukitaka neutrofili zikiwa tulivu, jihadhari, kwa sababu kupasua na kuzungusha kunaweza kuziamsha, ukaandika kwamba mgonjwa ana uvimbe kumbe uvimbe umeuleta wewe. Ukitaka vimelea vya malaria, usipasue kabisa, maana vimo ndani ya hizo nyekundu. Hapo unatumia rangi inayoshika DNA, kwa kuwa chembe nyekundu iliyokomaa haina DNA yake na ikionekana nayo kuna mgeni.

Halafu kuna swali ambalo naona ndilo linasahaulika kuliko yote: damu ni ya nani?

Protokali nyingi zilipimwa kwa damu ya watu wazima wenye afya. Chembe nyekundu za mtoto mchanga zina kaboniki anhaidrezi kidogo, na kama umenifuata mpaka hapa unajua maana yake: ule mzunguko wa amonia kloridi unakwenda polepole. Chembe za mgonjwa wa sikoseli nazo zinajulikana kwa ukaidi. Nyingi zimepoteza maji, na baadhi zina utando mwingi kuliko vilivyomo ndani, kama gunia lililojazwa nusu. Zinahitaji kuingiza maji mengi zaidi kabla ya kupasuka. Dakika kumi zinapita, nyingine bado zimo, na kwenye picha ya mashine zinaangukia jirani na limfosaiti. Asiyejua atazihesabu kama limfosaiti. Asilimia ya CD4 itaonekana imeshuka wakati haijashuka.

Hili kwetu si jambo la pembeni. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na sikoseli, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kama 11,000 kila mwaka. Maabara inayopokea damu ya watoto hao kwa dakika zilizopangwa kwa damu nyingine imeamua, bila kukusudia, kwamba wao ndio watakaorudi Alhamisi.

Na dawa yake ipo, tena haigharimu kitu. Tazama mrija kabla ya kuendelea: damu iliyopasuka vizuri inaacha ukungu na kuwa nyekundu angavu, unaweza kuona maandishi nyuma yake. Ikiwa bado na ukungu, ongeza muda au rudia kupasua mara ya pili. Tumia CD45 kutenganisha, au weka kingamwili ya CD235a, inayoshika nyekundu zenyewe, uzitoe kwenye hesabu. Usitegemee rangi ya DNA peke yake, kwa sababu wagonjwa wa sikoseli na vichanga wanaweza kuwa na chembe nyekundu changa ambazo bado zina kiini.

Wanaopinga

Nilipeleka hoja hii kwa mhadhiri mmoja ninayemheshimu, naye akanirudisha chini. Alisema, "Binti yangu, kila mtu akichagua njia yake, hakuna majibu ya kulinganisha." Ni kweli kabisa. Utafiti wa miaka mitatu hauwezi kubadilisha dawa ya kupasulia katikati kwa sababu mtu amesoma kitu kipya. Mgonjwa anayefuatiliwa CD4 anahitaji kipimo cha leo kifanane na cha mwaka jana. Protokali imekuwepo ili watu wachovu, saa kumi jioni, wakiwa na mirija arobaini, wasikosee.

Nakubaliana naye, na ndiyo maana sisemi protokali itupwe. Nasema iandikwe pamoja na sababu yake na mipaka yake. Mstari mmoja tu: "Muda huu umepimwa kwa damu ya watu wazima, ukiwa na damu ya kichanga au ya sikoseli, angalia mrija, fuata kiambatisho." Hiyo bado ni protokali. Tena ni imara zaidi, kwa sababu badiliko limepangwa mapema na litaandikwa kwenye rejista.

Wengine wanasema suala ni pesa, kwamba maabara zetu zinatumia kinachopatikana. Nalo ni kweli, mzigo wa nje unachelewa na chupa zinaisha muda. Lakini amonia kloridi ni miongoni mwa njia za bei nafuu kabisa. Anayejua inavyofanya kazi anaweza kuitengeneza, kupima pH yake na kuijaribu kwa damu yake mwenyewe kabla ya kuigusa ya mgonjwa. Asiyejua atasubiri chupa ya kiwandani, na ikichelewa atasimamisha kazi. Kwa hiyo umaskini wa vifaa ni sababu ya kuelewa zaidi.

Tuanzie kwetu

Mtaala wa sekondari umesema tangu mwaka 2005 kwamba tunajenga umahiri. Sasa kumbuka mtihani wako wa vitendo wa kidato cha sita. Uliambiwa uchukue sentimita za ujazo ngapi, uweke kiashiria gani, urudie mara ngapi. Ni lini uliulizwa uchague? Mimi sikumbuki. Tumefika chuo tukiwa mafundi wa kufuata hatua, na chuo kimetupa hatua ndefu zaidi. Yule kijana wa maabara hakuwa mzembe. Alifanya sawasawa kile alichofundishwa, na anayefundisha hivyo ni sisi.

Pendekezo langu kwa idara na kwa chama chetu cha wanafunzi wa elimu ni dogo. Tuwe na jaribio moja la kuchagua kila muhula, na la kwanza liwe hili. Halihitaji flosaitometa wala damu ya binadamu. Damu ya ng'ombe inapatikana machinjioni, ukiiweka sodiamu sitreti isigande. Amonia kloridi ipo kwenye kabati la kemia la shule nyingi, tunaitumia kupima chumvi. Chukua mirija minne: maji matupu, chumvi asilimia 0.9, amonia kloridi asilimia 0.83 ya joto la chumba, na amonia kloridi hiyohiyo iliyotoka kwenye barafu. Weka tone la damu, simamisha kipande cha gazeti nyuma, pima muda mpaka herufi zisomeke. Mrija wa chumvi hautasomeka. Wa amonia kloridi utasomeka. Halafu usiwaambie kwa nini. Waache wabishane nusu saa, kisha kila kundi litetee lingemchagulia mgonjwa gani njia gani. Alama zitolewe kwa utetezi. Na wavae glavu, damu ni damu.

Karatasi ya jaribio hilo nimeshaiandika, ina ukurasa mmoja, na mwenzangu wa chumba ameipitia kwa kalamu nyekundu mara mbili. Nimeibandika ubao wa matangazo wa idara. Atakayeifundisha kwenye BTP ya mwaka huu aniambie wanafunzi waliuliza nini. Maswali yao nayahitaji kuliko majibu.

Sampuli ya pili ya mdogo wangu ilifaa. Waliziacha chembe zake muda mrefu zaidi, wakatazama mrija, wakapata walichotafuta. Nilipofunga chuo nikamkalisha nikamwambia: damu yako haina kosa, chembe zako ni ngumu kupasuka, na waliopima hawakujua kwamba wanatakiwa kuzisubiri. Akafikiri kidogo. Akauliza, "Sasa wameshajua?"

Nimemwambia wale wameshajua. Hao wengine ndio nimewaandikia.